Mlango na Mswada: Kuhakiki Fasili ya Kitu cha Kale

Mhakiki wa fasihi amezoea kushika mkononi utenzi, riwaya au tamthilia. Ni nadra kumkuta akiisoma sheria ya nchi kwa jicho lile lile. Hata hivyo sheria nayo ni matini. Ina watunzi wake, ina msamiati ulioteuliwa kwa makusudi, na kama ulivyo utungo wowote mwingine, yale iliyoyanyamazia huweza kuwa mazito kuliko yale iliyoyatamka. Katika makala haya nakusudia kuhakiki fasili moja tu, ile ya kitu cha kale, iliyomo katika Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, ambayo nayo iliirithi kutoka kwa Sheria ya Vitu vya Kale na Majengo ya Kumbukumbu ya mwaka 1983. Fasili hiyo ndiyo inayoamua ni kitu gani kitakachozuiwa forodhani mpaka mwenyewe aonyeshe kibali, na ni kitu gani kitakachopita pasipo kuulizwa.

Kwa mujibu wa fasili hiyo (tafsiri ni yangu, kwani sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza) kitu cha kale ni kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, ambacho kilitengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Na pamoja nacho mabaki ya binadamu, ya wanyama au ya mimea yenye umri kama huo. Kando ya kitu cha kale sheria inataja kitu kinacholindwa, na hapo kinachotajwa waziwazi ni mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Vitu vya aina hizi mbili havitolewi nje ya nchi bila ya kibali. Anayetaka kuvisafirisha hana budi kuomba na kungoja jibu.

Namwomba msomaji atulize macho yake juu ya maneno manne: isipokuwa kitabu au hati.

Ili tuyapime maneno hayo, tumchukue mtu mmoja. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa fundi wa mambo mengi. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchongaji wa milango na mwandishi wa hati mwenye mwandiko uliowavutia wenyeji na wageni. Mkono ulioshika patasi ndio huo huo ulioshika kalamu. Milango aliyoichonga yote ni ya kabla ya mwaka 1946, kwa sababu kufikia mwaka huo mwenyewe alikwisha kuwa kaburini. Kwa hiyo kila mlango wake ulioko Kenya unalindwa na sheria. Hauwezi kung'olewa ukutani na kupakiwa melini kihalali bila ya idhini. Kalamu yake, je? Utendi wa Mwana Kupona aliunakili zaidi ya mara moja. Utendi wa Liyongo uliotufikia kwa jina lake ni wa mwaka 1913. Na nyingi kati ya tungo za kale za Kiamu tunazozisoma leo zilipitia mikononi mwake. Kazi hizo zote ziko nje ya fasili ya kitu cha kale, tena kwa sababu mbili kwa mpigo: kwanza ni hati, na pili takriban zote ni za baada ya mwaka 1895. Kama fundi huyu angalituachia mlango mmoja na diwani moja katika nyumba moja, sheria ingeulinda mlango, na diwani ingetoka kwa kupitia mlango huo huo.

Kuhusu mwaka huo 1895 sina haja ya kusema mengi. Ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na mimi siamini kwamba ulichaguliwa kwa sadfa. Ukale wetu umewekewa mpaka penye kuwasili kwa mtawala, kana kwamba kila kilichotengenezwa baadaye ni cha juzi. Kwa chombo cha udongo au cha shaba mpaka huo una madhara kiasi. Kwa mswada madhara yake ni makubwa zaidi, kwa maana karatasi ya pwani haidumu. Unyevu, chumvi na mchwa huila, na watu wa zamani walilijua hilo, ndiyo sababu walinakili na kunakili tena. Sehemu kubwa ya miswada ya Kiswahili iliyosalia ni nakala za karne ya 19 na za nusu ya kwanza ya karne ya 20, ingawa tungo zenyewe zaweza kuwa na umri mkubwa zaidi. Mwenye kuuliza umri wa karatasi peke yake, bila ya kuuliza umri wa utungo, hajaelewa kunakili ni kazi gani.

Wakili wa sheria hii aweza kunijibu kwamba nyaraka zina sheria yake, ile ya nyaraka za taifa iliyopitishwa mwaka 1965. Jibu hili lina uzito, nami silipuuzi. Lakini sheria ile ilizaliwa hasa kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi za umma: majalada, barua za watawala wa wilaya, taarifa za kila mwaka. Utenzi uliofungwa kwa kitambaa na kuwekwa ndani ya kidaka cha ukutani huko Siyu ni mgeni katika majengo hayo. Yawezekana pia kwamba watunzi wa sheria ya 1983 walitaka tu kuwaepusha wauza vitabu na wasafiri na usumbufu wa kuombea kibali kila kitabu cha zamani walichonacho mkobani. Hilo ni jambo la busara. Lakini ilitosha kusema vitabu vilivyopigwa chapa. Kuvitaja vitabu na hati kwa jumla, pasipo kuubagua mwandiko wa mkono, ni kufuata mazoea ya fikra ambayo wakoloni walituachia: kwamba Mwafrika ni mtu wa kuchonga, kufinyanga na kusuka, wala si mtu wa kuandika; na kwamba akikutwa na maandishi, basi maandishi hayo ni ya mtu mwingine aliyempitishia. Milango yetu imeonekana kuwa ni sanaa. Maandishi yetu yameonekana kuwa ni karatasi.

Lugha yetu nayo ina kejeli yake. Neno mswada twalitumia kwa maandishi ya mkono ya mtunzi, na neno hilo hilo twalitumia kwa sheria inayopelekwa Bungeni kabla haijapitishwa. Mwaka 1983, na tena mwaka 2006, mswada uliingia Bungeni ukamtoa ndugu yake nje.

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani? Tungo hizo si zimekwisha kupigwa chapa? Mwana Kupona ulichapishwa mwaka 1934 na Alice Werner pamoja na William Hichens. Muyaka alichapishwa na Hichens mwaka 1940. Ernst Dammann alichapisha tungo za Lamu mwaka huo huo wa 1940. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, na wanafunzi wa fasihi wanapaswa kupaelewa vizuri.

Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi moja ilibebeshwa sauti zaidi ya moja. Katika miswada mingi ya zamani herufi ya b yaweza kusimama mahali pa b, pa p, na hata pa mb, kwa kuwa nazali iliyotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Hivyo paa aliyekimbia porini na baa lililowapata watu huweza kuandikwa sawasawa. Msomaji wa zamani hakutatizika, maana utungo aliujua kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho. Mhariri anayeugeuza utungo kuutia katika herufi za Kirumi hana budi kuchagua. Akishachagua, uamuzi wake hugeuka kuwa chapa, na baada ya miaka hamsini chapa hiyo huonekana kuwa ndilo shairi lenyewe. Tunafundisha mizani, tunafundisha lahaja, tunajenga nadharia juu ya msamiati wa kale, na wakati wote tunasoma maamuzi ya mtu mwingine. Njia pekee ya kumhoji mhariri ni kuurudia mswada. Mwanafunzi wa Nairobi au wa Eldoret atauonea wapi?

Mfano wa Muyaka unatosha. Huyu alikuwa mshairi wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, na tungo zake nyingi zilihusu siasa na maisha ya mji huo. Mwishoni mwa karne ya 19 mmishenari W. E. Taylor alizikusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, ambaye pasipo yeye Taylor asingeelewa hata nusu. Karatasi hizo leo ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipotoa uchunguzi wake juu ya Muyaka mwaka 1979, ambao hadi leo hakuna mwanafunzi wa ushairi anayeweza kuukwepa, alikuwa akishughulikia mashairi ya Mombasa yaliyohifadhiwa Uingereza. Hali kadhalika mswada wa Utendi wa Tambuka, ambao hutajwa kuwa wa mwaka 1728 na hivyo kuwa miongoni mwa miswada mikongwe kabisa ya Kiswahili tunayoijua, ulitungiwa Pate ukaishia Hamburg. Huu ni wa kabla ya 1895 kwa zaidi ya karne moja na nusu. Lakini ni hati.

Hapa yatupasa kusema kweli, hata ikiwa inapunguza makali ya malalamiko yetu. Si yote yaliyotoka yaliibwa. Kijuma aliwaandikia Werner, Hichens na Dammann kwa kuombwa, naye akalipwa. Aliandikiana barua na wageni wake, akawaeleza maana ya maneno, na kwa fundi mzee wa Lamu fedha hizo hazikuwa kitu cha kudharauliwa. Lau pangekuwapo afisa wa kumkatalia kibali mwaka 1936, wakati Dammann alipofika Lamu, huenda baadhi ya nakala hizo zisingeandikwa kabisa, na nyingine zingeliwa na mchwa. Wanaozungumzia turathi kana kwamba kila kilichoko Ulaya kiliporwa hawamtendei haki Kijuma. Wanamfanya mtu aliyenyang'anywa, ilhali alikuwa msanii aliyejua thamani ya kazi yake na akaiuza.

Kwa hiyo lawama yangu haiko juu ya kuondoka kwa miswada, bali juu ya kuondoka kwake pasipo kuacha alama. Watu wengi hukiona kibali kuwa ni kizuizi tu. Lakini kibali, kabla hakijawa kizuizi, ni maandishi: kinataja kitu, kinamtaja mwenyewe, kinataja tarehe, kinataja kitu hicho kinakwenda wapi na kwa sababu gani. Mlango uliotolewa Lamu kwa kibali waweza kufuatwa miaka mia baadaye. Mswada uliotolewa bila ya kibali haufuatwi, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba ulipata kuwako.

Nakumbuka safari yangu moja katika visiwa vya Lamu, miaka mingi iliyopita. Mzee mmoja alinikaribisha ndani, akanionyesha zidaka za ukuta wake. Katika kimoja palikuwa na kitabu cha maulidi, katika kingine vyombo vya kauri, na cha tatu kilikuwa kitupu. Nilimwuliza kulikuwa na nini. Akaniambia, "Mwanangu, kitabu cha babu. Alikuya mgeni akakiazima, hata yeo." Jina la mgeni hakulijua, wala nchi yake, wala mwaka hakuukumbuka vizuri. Kitabu kilikuwa cha tenzi, nacho kilikuwa kinene. Hayo tu ndiyo aliyoweza kuniambia. Yamkini kitabu hicho kimo katika maktaba fulani, kimepewa namba na kuandikwa kwamba ni zawadi. Mzee yule hakuwa na hasira. Alikuwa akikingojea.

Tena tusidhani kwamba jamii ya pwani haikuwa na sheria yake juu ya jambo hili kabla ya 1983. Miongoni mwa vitabu vya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa Lamu na Habib Saleh, vimo vilivyoandikwa kwamba ni wakfu. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi. Anayekisoma anakisoma kwa niaba ya wote. Hii nayo ni fasili ya kitu kinacholindwa, tena iliyoandikwa juu ya kitu chenyewe badala ya kuwekwa ndani ya kitabu cha sheria ambacho mwenye mswada hatakiona maisha yake. Watunzi wa sheria zetu wangeanza na wakfu, wangefika mbali zaidi kuliko walivyofika kwa kuanza na 1895.

Je, kosa hili laweza kurekebishwa? Naamini laweza, na kwa wepesi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ile ile inampa Waziri uwezo wa kutangaza, katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwamba kitu fulani, au aina fulani ya vitu vyenye thamani ya kihistoria au ya kiutamaduni, ni vitu vinavyolindwa. Uwezo huo haukufungwa na mwaka 1895, wala maneno yake hayabagui hati. Kwa maneno mengine, mswada uliofukuzwa kwenye fasili ya kitu cha kale waweza kurejeshwa kwa njia ya kitu kinacholindwa, njia ile ile iliyopitiwa na mlango. Tangazo moja lingetosha: miswada ya Kiswahili, na ya lugha nyingine za nchi hii, iliyoandikwa kwa mkono kabla ya mwaka utakaokubaliwa. Mimi ningependekeza mwaka 1964 badala ya 1946, ili waandishi wa mwisho wa mapokeo ya herufi za Kiarabu wasiachwe nje. Lakini hilo ni la kujadiliwa na watu wa Lamu na Mombasa kabla ya kujadiliwa na sisi wa vyuoni.

Lakini tangazo lenyewe laweza kudhuru likitolewa kwa pupa. Mwenye kitabu akisikia kwamba serikali imekitangaza kuwa kinalindwa, huenda akadhani kwamba imekitwaa, naye atakificha, au atamwuzia mgeni wa kwanza atakayebisha hodi usiku. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachuuzi wa vitu vya kale waliijua vizuri hofu ya namna hiyo, wakaitumia. Kwa hiyo ombi la kibali halifai kuwa jambo la mwombaji na afisa peke yao. Fomu yenyewe ingepaswa kuuliza maswali ambayo ni mtu wa lugha tu awezaye kuyafikiria: Utungo ni upi? Ni lahaja gani? Nani aliunakili, na kwa ajili ya nani? Kuna nakala nyingine? Ukoo unasema nini? Na kabla mswada haujavuka forodha, sharti pabaki nakala inayosomeka hapa nchini, si mjini Nairobi pekee bali pia mahali ulipotoka. Anayeshindwa kuyajibu maswali hayo hajaujua mswada anaotaka kuuchukua, nasi tuna haki ya kumwuliza anauchukulia nini.

Jambo moja limebaki, nalo ni gumu kuliko yote. Siku hizi mswada waweza kusafiri huku umelala kidakani. Katika miaka ya 2010 vitabu vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Vitabu vikabaki Lamu, picha zikasomwa ulimwenguni kote. SOAS nao wameiorodhesha miswada yao ya Kiswahili kwa namna ambayo hata mwanafunzi wetu asiye na nauli ya London aweza kujua kuna nini. Ninaishukuru kazi hiyo, na nimefaidika nayo. Lakini kama karatasi ya mswada haina jina katika fasili yetu, picha yake haina hata kivuli. Hakuna anayeombwa kibali kwa ajili ya picha, na hakuna aliyeamua nani atahesabiwa kuwa mwenyewe. Mradi wa Lamu ulikwenda vizuri kwa sababu wenye vitabu walihusishwa na walikuwa na msikiti wa kuwasemea. Ukoo wenye daftari moja la tenzi hauna msikiti wa kuusemea.

Idara zetu za lugha hazihitaji kungoja Bunge wala Waziri ili kuanza. Huko Lamu milango mingi ya nakshi imekwisha kuandikwa na wahifadhi, nyumba kwa nyumba, pamoja na vipimo na michoro yake. Orodha ya miswada ingeweza kufuata njia hiyo hiyo: wanafunzi wawili wanaosoma herufi za Kiarabu, pamoja na mtu wa mtaa anayeaminika, wanasimama mbele ya mlango ambao tayari una kumbukumbu yake, wanabisha hodi, na wakikaribishwa ndani wanauliza kuna nini katika zidaka.